Shabaha ya mishale kwa kiroba na nguo kuukuu

Chukua viroba viwili vya salfeti vya kilo 100, uvalishe kimoja ndani ya kingine. Jaza nguo kuukuu, lakini kwanza ondoa zipu, vifungo na bizimu za mikanda: chuma kimoja tu ndani kinatosha kuharibu ncha au kupasua mshale. Usitie mchanga wala mawe.

Kazi yote iko kwenye kushindilia. Tandaza nguo bapa, moja juu ya nyingine, na kila baada ya sentimita 20 ingia ndani ukanyage kwa miguu. Ukijaza kwa mafundofundo, mshale utapita kwenye mwanya na kutokea nyuma. Shona mdomo kwa shazia na uzi wa nailoni. Nguo zitashuka baada ya wiki chache, kwa hiyo fumua, ongeza, shona tena.

Simamisha kiroba juu ya vipande vya mbao kisinyonye maji, na ukihifadhi kivulini, maana jua hulifanya salfeti kuwa jepesi kuchanika. Tumia ncha za mazoezi pekee, zisizo na makali ya pembeni. Za kuwindia hukata kila kitu na hazichomoki.

Nyuma ya kiroba, nusu mita hivi, ning'iniza zulia zito lililokunjwa mara mbili, likiwa huru upande wa chini. Likiyumba ndipo linapomeza nguvu ya mshale, ukilikaza, litatobolewa. Hata hivyo zulia halitoshi peke yake: nyuma yake pawe na tuta refu la udongo, kamwe pasiwe na njia ya watu.