Titresheni ya wanafunzi 40 bila fundi wa maabara: kipindi cha Alhamisi kinaanza Jumanne

Walimu wenzangu wa kemia, hasa mlioripoti juzi juzi kwenye shule za kata, kwenye ratiba ya titresheni, yaani praktiko ya kudondoshea asidi kwenye besi mpaka zitoshane, mtaona dakika 80 tu, vipindi viwili vimeunganishwa, na ofisi nzima itajua umefanya kazi dakika 80. Kazi yenyewe ni hii.

Jumanne mchana piga hesabu. Mwanafunzi anatitreti mara nne, moja ya kujaribia na tatu za kuandika, pipeti (mrija wa kupimia kiasi kimoja kamili) ni mililita 25, ukiweka na za kusuuzia chukulia 150 kwa kichwa, watu 40 ni lita 6, ila tengeneza 7 maana lazima kuna atakayemwaga. Sodiamu haidroksaidi, ndo besi yetu, ya 0.1M (moli 0.1 kwa lita) ni gramu 4 kwa lita, kwa hiyo 28. Asidi haidrokloriki ile kali ya asilimia 36 inataka kama mililita 60 kwa lita 7 za 0.1M, na ni asidi ndo inaingia kwenye maji, USIMWAGIE MAJI KWENYE ASIDI, vaa glovu na miwani, fungua madirisha.

Jumatano vipindi vikiisha ndo unachanganya. Haidroksaidi ipime fasta, inavuta unyevu hewani, ukizubaa unaiona inaloa hapo hapo kwenye mizani. Alafu koroga, ukidhani imetosha koroga tena. Mwaka wangu wa kwanza sikukoroga ndoo vizuri, waliochota mwanzo wakapata namba ndogo, waliochota mwisho kubwa, yaani watoto wamefanya kila kitu sawa na majibu hayafanani, iliniuma sana kwasababu kosa lilikuwa langu na maksi zilikuwa zao.

Kwa hiyo kabla hujaenda nyumbani titreti mwenyewe, mara mbili, chota juu ya ndoo na chini. Zikifanana andika hiyo namba, ndo utakayosahihishia, hata kama siyo mililita 25 kamili.

Alhamisi kwenye bureti (mrija mrefu wenye koki chini) weka asidi, siyo besi, maana besi ikikaa koki ya kioo inaganda na bureti imekufa. Acha dakika 15 za kuosha ndani ya kipindi, usipoacha utaosha wewe mpaka magharibi.

Kusahihisha, kila karatasi dakika 5 na hapo unaenda mbio, ni zaidi ya masaa matatu, na bado una madaftari ya fizikia kama shule imekupa masomo mawili.

Sasa haya masaa yaandike. Siku, kazi, muda, karatasi moja inatosha. Mpelekee mwalimu wa taaluma kabla hajapanga ratiba ya muhula, siyo katikati, na omba kitu kimoja tu kinachowezekana: wiki ya praktiko usipangiwe zamu. Mimi niliomba msaidizi miaka miwili sikupata, zamu nikaondolewa siku hiyo hiyo.