Maji gani umwagilie mboga za kwenye gunia na ndoo

Hapa Kampala wengi tunapanda mboga kwenye magunia, matairi na mitungi iliyokatwa, na tunaweza kubishana wiki nzima kama mbolea ya mbuzi inashinda ya kuku, alafu maji tunamwaga tu yale yamepatikana. Mimi nilikua hivyo hivyo. Shida ya chombo ni kwamba shambani chumvi ikizidi mvua kubwa inaishusha chini huko, lakini kwenye ndoo chochote kilichokuja na maji kinabaki palepale kwenye mizizi, na kesho unaongeza ingine.

Ilinipata kiangazi kimoja, mfereji wa bomba umekauka siku nyingi, nikawa nachota boholi (kisima kirefu cha kuchimbwa) ya mtaani. Kama wiki tatu hivi majani ya nyanya yakaanza kukauka pembeni kama yamepigwa pasi, nikadhani ni ugonjwa, nikapuliza majivu, nikapuliza maji ya pilipili, wapi! Siku moja nikaona ukoko mweupe kwenye mdomo wa ndoo, nikalamba kidole (usinicheke), chumvi tupu.

Sio boholi zote ziko hivyo, zingine maji yake ni matamu kabisa. Kwa iyo pima kwanza. Osha mikono na sabuni ya mche, povu likikataa kutoka ujue maji ni magumu. Jaza ndoo uache mpaka kesho, kama yaligeuka rangi ya kutu basi yana chuma. Ukionja ukasikia chumvi, usisumbue mboga zako kabisa. Na kama umeshaharibu kama mimi, hakikisha matundu ya chini yako wazi, mimina maji mazuri polepole, kiasi kama mara mbili ya ukubwa wa chombo chenyewe, yatoke yote chini. Yataondoka na chakula pia, kwa iyo baada ya hapo ongeza mboji.

Maji mazuri kuliko yote ni ya mvua, na sisi Mungu ametupa misimu miwili, Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba. Watu wanasema hawana nafasi ya tanki kubwa, lakini hebu piga hesabu: bati la mita 5 kwa 4, mvua ya milimita 10 tu, hizo ni karibu lita 200, yaani mitungi 10 ya njano bila kulipa mtu wa kukubebea. Mvua ya kwanza baada ya jua kali usikinge, inaosha vumbi na mavi ya ndege, acha iende dakika kumi hivi ndio uweke pipa. Alafu funika na neti, ukiacha wazi utafuga mbu badala ya sukuma.

Ya mfereji ni sawa. Yetu mengi yanatoka Ziwa Victoria yakisafishwa kule Ggaba, yana klorini, na wapenzi wa oganiki wanaiogopa sana eti inaua vijidudu vya mboji. Ni kidogo sana ile, haiwezi kumaliza gunia lote la udongo, lakini kama roho haitulii jaza ndoo jioni, acha wazi, asubuhi sehemu kubwa itakua imepotea hewani. Mimi nafanya hivyo kwa miche tu.

Chemchemi za bondeni hapa mjini zimezungukwa na vyoo vya shimo, so mimina kwenye udongo peke yake, usirushie majani, na mboga za kuliwa mbichi kama dania usizipe kabisa. Ya kufulia, hapana, sabuni ya unga ina chumvi zake, na yenye jiki ndio mbaya zaidi. Lakini ya kuosha mchele, ya kuchemshia mayai, ya kuchemshia mboga kabla hujatia chumvi, yakipoa hayo mwaga tu, dodo zangu (mchicha) zinayapenda.

Kitu kingine, mpira wa kumwagilia ukilala juani mchana maji yaliyobaki ndani yanaweza kuunguza kabisa. Yamwage kwanza kwenye beseni mpaka ushike usikie baridi, alafu ndio uelekeze kwenye gunia, na beseni lile likipoa ni la jioni.