Somo: Namna ya kuchagua godoro jepesi la kambini bila kuganda mgongo

Wadau, salaam. Maswali ya magodoro yamekuwa mengi na kiangazi cha mlimani kinakaribia, kwa hiyo leo naandika yote kwa mkupuo mmoja. Maswali yenu nimeyajibu kule chini.

Nianze na usiku ulionifunza. Ilikuwa Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele cha Kilimanjaro kwa wanaopita njia ya Machame au Lemosho, zaidi ya mita 4,600. Nilikuwa na godoro jipya la kujaza upepo, nene kama mkate, nililolichagua kwa sababu dukani lilikuwa laini kuliko mengine yote. Saa tatu usiku nikazinduka. Kifua kina joto, miguu ina joto, lakini mgongo na nyonga ni kama nimelazwa juu ya beseni la maji ya kisima. Nikavaa jaketi, wapi. Mwishowe nikamwaga vitu vyote vya begi, nikatandaza begi lenyewe pamoja na koti la mvua chini yangu, nikapata kausingizi ka kuibia mpaka saa tano na nusu tulipoamshwa kwenda kileleni.

Lile godoro halikuwa bovu, lilikuwa tupu ndani. Upepo mtupu huzunguka kila unapojigeuza: ukigusa ardhi unapoa, ukisukumwa juu unakuja kukunyonya joto, kisha unarudi tena chini. Na slipingi begi (mfuko wa kulalia) haikuokoi, kwa sababu manyoya au pamba iliyo chini ya mwili wako imebanwa ikawa bapa kama chapati. Kwa upande wa chini mwenye kazi ya kukupa joto ni godoro peke yake.

HATUA YA 1: Jua utalala wapi

Kabla ya kuuliza godoro zuri ni lipi, taja kambi yako yenye baridi kali kuliko zote. Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo vina vitanda na magodoro, usibebe chochote. Mlima Meru nako unalala vibandani, Miriakamba na Saddle. Njia nyingine za Kilimanjaro ni mahema. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, ndiyo maana unaiacha Moshi watu wanatokwa jasho, halafu Barafu chupa ya maji inaganda ndani ya hema. Ufukweni Pangani hali ni nyingine kabisa: pale unataka tu kitu cha kukutenga na mchanga wenye mabonde.

HATUA YA 2: Soma namba ya R

Namba hii huonyesha godoro linavyozuia joto la mwili lisitorokee ardhini. Ikiwa kubwa, unalala vizuri kwenye baridi. Vipimo vyangu, na mimi ni mtu wa kusikia baridi haraka: R 1 hadi 2 kwa pwani, R 2 hadi 3 kwa Usambara na kambi za msituni chini ya mita 3,000, R 4 na kuendelea kwa Shira, Barranco, Karanga, Barafu, na kule juu Mlima Kenya.

Habari njema ni kwamba namba hizi zinajumlishwa. Godoro la R 2 juu ya lingine la R 3 linakupa 5. Habari mbaya ni kwamba zamani kila kiwanda kilipima kwa namna yake. Kipimo cha pamoja, ASTM F3340, kimeenea kwa watengenezaji wakubwa tangu 2020, kwa hiyo godoro la zamani lenye namba ya kujisifu usiliamini sana. Lisilo na namba yoyote, chukulia kwamba ni la ufukweni.

HATUA YA 3: Chagua aina

Kuna sponji gumu, lile linalokunjwa kama kodiani. Therm-a-Rest Z Lite Sol, kwa mfano, lina gramu 410, R 2 na unene wa sentimita 2. Halitoboki, unalifunga nje ya begi, na mchana unalikalia mnapokula. Wagumu wengi hawataki kusikia kingine. Ubaya wake utaujua ukilala ubavu.

Kuna linalojijaza lenyewe: sponji laini ndani ya ganda lisilopitisha upepo. Unafungua vali, unaenda kunywa chai, ukirudi limeinuka, unaongezea pumzi mbili tatu. Lilibuniwa Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970 na wahandisi waliowahi kufanya kazi Boeing. Ni starehe, ila mengi yana gramu 700 na zaidi.

Kuna la upepo lenye kizuizi cha joto ndani, ama nyuzi za pamba bandia au tabaka za plastiki inayong'aa. Hapa ndipo wepesi na starehe vinakutana, na bei nayo inapaa. NeoAir XLite NXT, kwa mfano, ina gramu 370 hivi, R 4.5 na unene wa sentimita 7.6. Matoleo yake ya zamani ukigeuka usiku yalilia kama pakiti ya krispi, jirani yako angekwambia; hili limetulia zaidi.

HATUA YA 4: Lilalie

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka kwa kuona aibu. Dukani, vua viatu, lijaze mpaka liwe gumu, lala ubavu kwenye sakafu. Pitisha kiganja chini ya nyonga. Sasa fungua vali kidogo kidogo, upepo utoke kwa kunong'ona, mpaka usikie nyonga inakaribia sakafu bila kuigusa. Hapo funga. Sasa kaa hivyo robo saa, usidanganyike na dakika mbili. Godoro ambalo limepita mtihani huu kwa ubavu, kwa mgongo halina shida. Wanaolala ubavu watafute unene wa sentimita 7 kwenda juu. Wa mgongo, 5 zinatosha.

Angalia na upana. Mengi yana sentimita 51 kwa 183. Mwenye mabega mapana mikono itaanguka pembeni, na pembeni ndiko kwenye baridi. Yapo ya sentimita 63 au 64, unaongeza gramu kama mia moja. Mimi naona zinastahili.

HATUA YA 5: Uzito

Mzigo wa mpagazi Kilimanjaro una kikomo cha kilo 20 na unapimwa getini, kwa hiyo hata kama hubebi mwenyewe, kuna mtu anabeba. Pima godoro likiwa na mfuko wake, mfuko wa kujazia (ule wa kusukumia upepo ndani badala ya mdomo) na viraka. Kiwanda mara nyingi hutaja godoro peke yake.

MASWALI YENU

Mdau wa Dodoma: Kaka, nina mkeka wa yoga, siwezi kuutumia?
Kwa Lushoto unaweza kujikaza. Lakini ni mzito kwa unene wake, nao mwembamba. Kwa uzito huohuo unapata sponji gumu lenye joto kuliko huo.

Mdau wa Mwanza: Nimeona magodoro ya mtumba soko la Memorial, Moshi. Ninunue?
Mimi nimepata zuri pale. La upepo, usilipe kabla hujalijaza na kulilalia nusu saa huku mkipiga stori na muuzaji. Tazama kama kuna sehemu imevimba kama jipu: hiyo ni kuta za ndani zimeachia, haitengenezeki. Tundu dogo si tatizo, unaweza kuteremsha bei kwa sababu yake.

Dada wa Nairobi: Langu hulegea kufika usiku wa manane, lakini nikilijaza nyumbani halipungui.
Pole dada, huenda halijatoboka. Umelijaza jioni kwa pumzi ya moto, usiku hewa imepoa ikasinyaa. Ongezea pumzi chache kabla ya kulala, hewa ikishapoa. Asubuhi likiwa bapa kabisa, lipake maji ya sabuni na utafute povu.

Mdau wa Arusha: Kujaza kwa mdomo kuna shida gani?
Mbili. Unyevu wa pumzi unaingia ndani, na kwenye kambi za juu unaweza kuganda au kuota ukungu baadaye. La pili, Barafu kila pumzi ina oksijeni kidogo zaidi ya nusu ya ile ya pwani. Ukipuliza mara thelathini unaona nyota mchana. Tumia mfuko wa kujazia.

Mdau wa Tanga: Mwalimu, kwa nini tusitandike majani kama wazee wetu?
Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kukata mimea. Shambani kwako, tandika.

Mdau wa Dodoma tena: Bajeti yangu ndogo, Machame mwezi wa saba. Nifanyeje?
Sponji gumu mbili, moja juu ya nyingine. R 4, gramu 800 na kitu, haitobolewi na yale mawe ya Barafu. Nyonga italalamika. Ukipata la kuazima lenye upepo, hata lile tupu kama langu, weka sponji zote chini yake, litakusaidia kwa ulaini. Na ukifika kambini, kabla hujasimamisha hema, piga magoti upapase ardhi kwa kiganja uondoe kokoto. Mimi kokoto moja niliiacha Karanga nikidhani ni ndogo.