Jinsi ya kukokotoa umbali na muda wa kuruka: Nairobi hadi New York

Anza na viwanja, si miji. Nairobi ina Jomo Kenyatta (NBO) na Wilson (WIL). New York ina JFK na LaGuardia (LGA), na ng'ambo ya mto, New Jersey, kuna Newark (EWR). Hapa tunatumia NBO na JFK.

Hatua ya 1: Majira-nukta. NBO iko latitudo -1.319, longitudo 36.928. JFK ni 40.640 na -73.779. Alama ya kutoa ni ya kusini na magharibi. Ukiisahau kwenye longitudo ya JFK, ndege yako itatua milimani Kirigizistani.

Hatua ya 2: Umbali. Kwenye Excel, weka latitudo B2 na B3, longitudo C2 na C3, kisha:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(B2))*SIN(RADIANS(B3))+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(B3))*COS(RADIANS(C3-C2)))

6371 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita. Jibu ni takribani kilomita 11,840. Gawa kwa 1.852 upate maili za baharini, kama 6,390. Jibu likija la ajabu, mara nyingi ni RADIANS iliyoachwa mahali fulani.

Usipime kwa rula juu ya ramani bapa. Rula itakupitisha Nigeria na Mauritania, ilhali njia fupi juu ya tufe inapanda kaskazini zaidi: Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Morocco, kisha Atlantiki karibu na visiwa vya Azores.

Hatua ya 3: Muda angani. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kugawa umbali kwa kasi na kuishia hapo. Boeing 787 hukata kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo 11,840 ÷ 900 ni saa 13 na dakika chache. Ratiba, hata hivyo, husema karibu saa 15. Pengo linatokana na mambo matatu:

Ndege haifuati mstari kamili. Ongeza asilimia 2, umbali uwe 12,080. Pili, juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo wa anga za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo kwenda ni upepo wa mbisho. Toa kilomita 40 kwa saa kama kadirio la wastani: 12,080 ÷ 860 ni saa 14. (Majira ya baridi upepo huo huzidi nguvu.) Tatu, dakika 45 hadi 60 za kutembea uwanjani, kupaa na kushuka.

Kurudi, upepo unasukuma: 12,080 ÷ 940 ni karibu saa 12 na dakika 50. Ukijumlisha zile za uwanjani unakaribia saa 14.

Hatua ya 4: Saa ya kufika. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, au 7 kati ya Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kenya haibadilishi saa.

Mfano wa Julai: tiketi inasema 23:30, yaani saa tano na nusu usiku. Jumlisha 15, ni 14:30 ya Nairobi. Toa 7, ni 07:30 ya New York, saa moja na nusu asubuhi. Anayetoa 23:30 kwenye 07:30 bila kurekebisha majira atadhani safari ni ya saa 8.

Kurudi, geuza: ondoka 12:30, ongeza 7, kisha 14. Unatua Nairobi 09:30, siku inayofuata.