Kutembea kwa Miguu kutoka Lushoto hadi Mtae

Njia za miguu za milima ya Usambara Magharibi, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, hazikuchongwa kwa ajili ya watalii. Ni njia za kwenda shambani, gulioni, kanisani, msikitini na shuleni, na nyingi kati yake ni kongwe kuliko barabara ya gari inayopanda mlima kutoka Mombo. Anayetaka kutembea siku tatu kutoka Lushoto hadi Mtae, kupitia msitu wa Magamba, Lukozi na Rangwi, alikumbuke jambo hilo tangu anapopanga safari, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini vibao ni haba, kwa nini njia hugawanyika mara kwa mara bila onyo, na kwa nini mama aliyejitwika mzigo wa kuni atakufaa kuliko ramani ya simu.

Chagua majira kwanza. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hugeuza udongo mwekundu wa miteremko kuwa utelezi, na hapo mtu hutembea akitazama miguu yake tu. Juni hadi Agosti ni kukavu zaidi, lakini baridi ni kali na ukungu unaweza kuifunika milima hadi karibu na adhuhuri. Mimi napenda Septemba kwa ukavu wa njia, na Januari hadi Februari kwa sababu mvua za vuli zimekwisha, anga ni safi, na plamu na peasi huuzwa kando ya njia. Wakati wowote utakaokwenda, beba sweta nzito, koti la mvua, tochi, maji yasiyopungua lita mbili na viatu ulivyokwisha kuvivaa kwa wiki kadhaa. Kiatu kipya hakifai kabisa kwa safari hii.

Yapo mabasi yanayotoka Dar es Salaam moja kwa moja hadi Lushoto. Ukikosa, shuka Mombo, mahali ambapo reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika mwaka 1905, kisha upande gari dogo linalokwea kwa kona nyingi kupitia Soni. Mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi. Lala hapo usiku mbili kabla ya kuanza safari, na siku ya katikati uitumie kutembea hadi Irente, mwendo wa saa mbili hivi kwa hatua za taratibu.

Irente haipaswi kurukwa, maana ndipo historia ya nchi hii inapoonekana kwa macho. Ukisimama kwenye ukingo wa jabali, utaiona Mazinde chini kabisa kwenye tambarare. Watawala wa Wasambaa, wenyeji wa milima hii, walikuwa Wakilindi, ukoo unaojihesabu kutoka kwa Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, nao walikuwa na makao yao Vuga, juu mlimani upande wa Soni. Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka huko hadi alipofariki mwaka 1862. Mwanawe Semboja alikuwa ameketi Mazinde, kwenye njia ya misafara, alikopata bidhaa na bunduki, na kwa nguvu hizo akaja kumwondoa mrithi wa Vuga. Masimulizi marefu ya kugawanyika kwa ufalme huo huwa mepesi kuyaelewa ukiwa hapo, kwa kuwa mlima na tambarare vyote viko mbele yako. Ukirudi, pitia shamba la Irente ununue mkate na jibini vya kula siku ya kwanza ya safari.

Jioni hiyo kamilisha mambo ya mwongozaji. Natoa ushauri huu kwa mkazo hata kwa Mtanzania anayejua Kiswahili vizuri, kwa kuwa mwongozaji mwenyeji anajua njia ipi imekatwa na maporomoko ya mvua iliyopita, anajua Kisambaa cha wazee, na ni mtu ambaye wenye mashamba wanamfahamu. Mtafute kupitia ofisi za utalii wa utamaduni zilizopo mjini. Kubalianeni wazi bei ya siku zote tatu, nani atalipia chakula na malazi yake, na mchango wa kijiji ni kiasi gani, kisha udai risiti. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo kibali cha kuingia hulipiwa kabla ya kuingia msituni.

Siku ya kwanza ondoka saa moja asubuhi, kwa sababu kutoka mjini ni kupanda tu. Mashamba ya mboga yataachia nafasi mikaratusi na misindano iliyopandwa, na baadaye ndipo utakapoingia msitu wenyewe. Hapo punguza mwendo. Mkulo, mti mkubwa wa mbao ambao jina lake la kisayansi limebeba neno Usambara, ulivunwa mno enzi zilizopita, na mikubwa iliyobaki inastahili usimame uitazame. Mbega weusi wenye mabega meupe husikika kabla ya kuonekana: matawi hutikisika juu, kisha kimya. Kinyonga ni wagumu zaidi kuwaona mchana. Mwongozaji akikuonyesha mmoja, usimshike wala usimhamishe kwenye tawi lake, hata kama watoto watakuhimiza umpige picha mkononi. Ukikuta siafu wamekatiza njia, ruka msafara wao kwa hatua moja na uendelee, usisimame karibu.

Utatoka msituni na kushuka Lukozi, ambako kuna vyumba vya kulala na chakula cha moto. Agiza chakula mara ufikapo, ndipo uende kunawa, maana kitaanza kupikwa baada ya kuagizwa.

Siku ya pili, kuelekea Rangwi, ni ya mashamba zaidi kuliko msitu, na wengi huipita haraka wakidhani haina kitu. Nadhani wanakosea. Tazama namna miteremko mikali inavyolimwa viazi, kabichi na maharage. Katika miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha Wasambaa kulima kwa matuta kwa jina la kuhifadhi udongo, nao walikataa kwa nguvu, kwa sababu kazi ilikuwa kubwa, mavuno hayakuongezeka, na amri ilitoka kwa watu wasioshika jembe. Mzee akikusimulia habari hizo, kaa umsikilize. Upande wa Shume, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikata miti ya mwangati na kuishusha kwa magari ya kamba ya chuma hadi stesheni ya Mkumbara, kando ya reli. Ukitazama kina cha bonde lile utaelewa kwa nini walichagua kamba badala ya barabara.

Njiani utauliza umbali, na jibu litakuwa "hapo juu tu". Mara yangu ya kwanza niliambiwa hivyo saa tisa alasiri, nami nikafika giza likiwa limeingia. Aliyenijibu hakunidanganya, kwani kwa miguu yake ni hapo juu tu. Uliza badala yake: "Nikiondoka sasa, nitafika kabla ya magharibi?" Wasalimu wakubwa kwa shikamoo kabla ya swali lolote, uombe ruhusa kabla ya picha, usikatize shamba lililopandwa, na uvae nguo zinazofunika magoti na mabega. Takataka zako zote rudi nazo mjini.

Rangwi kuna nyumba ya watawa wa Kikatoliki inayopokea wageni. Fika mapema, fuata saa zao za chakula, na zungumza kwa sauti ya chini usiku.

Siku ya tatu ni ndefu, kupitia upande wa Sunga, huku msitu wa Shagayu ukionekana juu ya vijiji. Weka maji na ndizi za kutosha, kwani sehemu za mwisho ziko wazi kwa jua na upepo. Mtae umejengwa juu ya mgongo mwembamba wa mlima ambao pande zake zinaporomoka, na nyika ya Mkomazi imetandaa chini hadi milima ya Upare. Ukungu ukiondoka, huenda ukauona pia Kilimanjaro, kwa hiyo usiuweke mzigo chini kabla ya kwenda ukingoni kutazama.

Kisha, kabla hujalala, uliza basi la kurudi Lushoto litaondoka saa ngapi na litasimama wapi, umwombe mwenye nyumba akuamshe, na uweke nauli na sweta mahali utakapovipata gizani. Mabasi ya Mtae huondoka kabla ya alfajiri.