Kuishindisha Hamira na Njaa ya Potasiamu: Mwongozo kwa Kundi la Wanafunzi

Kundi la wanafunzi wa sayansi, liwe la kidato cha sita katika skuli ya Unguja au Pemba au la mwaka wa kwanza wa chuo, linaweza kuchunguza namna hamira inavyoishi inaponyimwa potasiamu bila ya kuhitaji maabara kubwa. Kiumbe chenyewe, Saccharomyces cerevisiae, kinauzwa kila duka linalouza unga wa boflo na maandazi. Kazi ngumu ni kuiondoa potasiamu kweli kweli, kwani imo ndani ya maji ya kisima, ndani ya agari (rojo la kukuzia vijidudu), kwenye vyombo visivyosuuzwa vyema na hata ndani ya hamira yenyewe. Kundi linalolitambua hilo mapema litatumia sehemu kubwa ya muda wake kuandaa na sehemu ndogo tu kupima.

Kwanza kila mwanakundi aelewe kinachotarajiwa kutokea. Ndani ya seli ya hamira iliyoshiba mna potasiamu ya kiasi cha milimola 200 hadi 300 kwa lita, wakati nje inaweza kuwa chini ya milimola moja. Tofauti hiyo hulindwa kwa gharama: protini iitwayo Pma1 husukuma ioni za haidrojeni nje ya utando wa seli, upande wa ndani ukabaki na chaji hasi, na chaji hiyo ndiyo inayovuta potasiamu kuingia kupitia protini mbili, Trk1 na Trk2, ambazo ya kwanza ndiyo yenye kazi kubwa zaidi. Potasiamu inapoadimika nje, Trk1 huongeza uwezo wake wa kukamata hata ioni chache zilizobaki. Isipopatikana kabisa, seli huendelea kwa akiba yake, kisha hupunguza mwendo, na hatimaye nyingi husimama kabla ya kuanza kuchipua mtoto mpya.

Hapo ndipo swali zuri la mradi linapopatikana: seli iliyokuzwa katika potasiamu tele inaweza kugawanyika mara ngapi baada ya kunyimwa? Ikiwa haipati chochote kutoka nje, kila mgawanyiko huipunguza akiba kwa nusu, hivyo milimola 240 huwa 120, kisha 60. Swali la namna hii lina nambari ya kutafuta, na kwa maoni yangu linashinda mbali maswali ya jumla kama "potasiamu ina faida gani kwa hamira", ambayo humaliza karatasi bila ya kupimika.

Maji yawe yaliyotoneshwa. Yanayouzwa kama maji ya betri yanaweza kufaa, lakini hakikisheni si asidi ya betri, ambayo huuzwa kwenye karakana hizo hizo na katika chupa zinazofanana. Maji ya visima vya karibu na pwani yana chumvi nyingi na hayafai hata kwa kusuuzia mara ya mwisho. Vyombo vya glasi visuuzwe mara kadhaa kwa maji yaliyotoneshwa, kisha vichemshwe ndani ya sufuria ya presha kwa dakika 20 tangu mvuke uanze kutoka.

Chakula cha hamira ndicho kinachoamua kama matokeo yataaminika. Unga wa kawaida wa maabara wa kukuzia hamira una potasiamu fosfeti gramu moja kwa lita, yaani zaidi ya milimola 7 za potasiamu, kwa hiyo hautumiki hapa. Njia inayomjia mtu haraka ni kubadilisha fosfeti hiyo kwa ya sodiamu na kubakisha amonia kuwa chanzo cha naitrojeni, na njia hiyo ina mitego miwili. Sodiamu huingia ndani ya seli potasiamu inapokosekana, na mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionesha kwamba amonia, ambayo kwa kawaida haiidhuru hamira, huwa sumu kwake potasiamu inapopungua. Atakayetumia vitu hivyo hatajua kama seli zake zimesimama kwa njaa au kwa sumu.

Ni bora kufuata chakula cha arginini (asidi ya amino inayoshika nafasi ya amonia) na fosfeti, ambacho kimetumiwa na watafiti wa potasiamu ya hamira tangu miaka ya 1980. Kwa lita moja ya maji wekeni glukosi gramu 20, arginini gramu 1.74, asidi ya fosforiki ya asilimia 85 kiasi cha mililita 0.54, magnesi salfeti yenye maji gramu 0.49 na kalsiamu kloridi yenye maji gramu 0.03, pamoja na vitamini, hasa biotini, na chembe za madini kama zinki na chuma. Asidi ipimwe na mwalimu au msimamizi mwenye glavu na miwani, na imiminwe ndani ya maji, wala maji yasimiminwe ndani yake. Glukosi ichemshwe peke yake na kuchanganywa baadaye, na vitamini ziongezwe chakula kikishapoa.

Asidi ya chakula hicho iletwe karibu na pH 6 kwa kuongeza arginini kidogo kidogo. Potasiamu haidroksaidi, ambayo mkono huizoea, isiguswe. Kijiti cha mita ya pH nacho ni mwizi wa kimya kimya, kwa kuwa mara nyingi ndani yake mna mmumunyo mzito wa potasiamu kloridi unaovuja polepole. Chotoeni chakula kidogo pembeni, kipimeni, kisha kimwageni. Agari nayo hutokana na mwani na hubeba madini yake, kwa hiyo majaribio yote yafanywe katika chakula cha majimaji. Wako watakaofikiria kutumia rojo la mwani unaolimwa Paje na Jambiani, lakini aina mojawapo ya rojo hilo hugandishwa na potasiamu hiyo hiyo tunayoikimbia.

Sasa hamira. Msimwage hamira ya chenga moja kwa moja ndani ya chupa za jaribio, kwa sababu chenga zina seli nyingi zilizokufa, na seli iliyokufa huvujisha potasiamu yake ikawalisha wenzake. Kwanza zipandeni kwenye sahani ya agari ya kawaida, mchukue koloni moja, kisha mlikuze usiku kucha katika chakula cha arginini kilichotiwa potasiamu kloridi hadi milimola 50. Asubuhi zungusheni kwa sentrifuji dakika 5, mwageni maji ya juu, korogeni upya kwa maji yaliyotoneshwa, na mrudie hivyo mara tatu.

Andaeni mmumunyo wa potasiamu kloridi wa mola moja, yaani gramu 7.46 katika mililita 100, kisha uzimueni mara kumi, na tena mara kumi. Kila chupa ikiwa na chakula cha mililita 20, mililita 0.2 za mmumunyo wa kwanza hutoa milimola 10, za wa pili milimola 1, na za wa tatu milimola 0.1, na chupa ya sifuri hupewa mililita 0.2 za maji matupu. Chupa ya tano ipewe sodiamu kloridi ya milimola 10 bila ya potasiamu, ili ionekane kama ukuaji wa chupa ya potasiamu unatokana na potasiamu yenyewe au na kloridi na chumvi kwa jumla. Kila aina iwe na chupa tatu, na kila chupa ianze na seli karibu milioni moja kwa mililita.

Chupa ya milimola 0.1 huwashangaza wengi, kwani mwanzoni hukua vizuri kisha hukwama. Hesabu yake ni nyepesi: seli milioni 10 katika mililita moja, zikiwa zimeshiba, kwa makadirio hubeba potasiamu inayolingana na milimola 0.1 ya chakula chote, hivyo seli zenyewe hukimaliza kilichomo. Msiihesabu kuwa imeharibika.

Joto linalofaa ni nyuzi 30, na visiwani hapa hilo haliko mbali na joto la chumba. Umeme ukikatika, deli lenye maji ya vuguvugu huweza kushikilia joto kwa saa kadhaa, mradi kipimajoto kisomwe na kuandikwa kila mnapopima. Chupa zitikiswe mara kwa mara na vifuniko vilegezwe ili gesi itoke.

Pimeni kila baada ya saa 2 mpaka zitimie saa 8 tangu kuanza, na tena asubuhi yake. Anayehesabu kwa hadubini asijue chupa ipi ni ipi. Mwenzake abandike herufi na kuficha orodha hadi mwisho. Wastani wa seli katika mraba mkubwa wa chumba cha kuhesabia (kioo cha hadubini chenye miraba ya kipimo maalumu) huzidishwa mara 10,000, na mara kiasi cha kuzimua. Kubalianeni mapema kwamba chipukizi litahesabiwa kuwa seli likifikia nusu ya ukubwa wa mama yake, na mwandike pia ni seli ngapi kati ya mia zina chipukizi, kwani katika chupa yenye njaa idadi hiyo inatarajiwa kupungua.

Idadi ya migawanyiko ni logi ya kizio cha 2 ya idadi ya mwisho gawanya kwa ya mwanzo: seli milioni 2 zikiwa milioni 9, zimegawanyika mara 2 na zaidi kidogo. Baada ya kipimo cha asubuhi, chukueni sehemu ya chupa za sifuri, zitieni potasiamu hadi milimola 10, na mhesabu tena baada ya saa 4 na 8, huku sehemu nyingine ikipimwa kwa methilini ya buluu, inayozipaka rangi seli zilizokufa. Machipukizi yakirejea, seli zilikuwa zimesimama tu. Yasiporejea na buluu ikiwa nyingi, zilikufa, na ripoti iandike hivyo hata kama kundi lilitarajia jingine.