Kuunga mafuta ya hita ya dizeli kwenye boti bila kuingiza hewa

Kwa mnaoishi kwenye boti za mifereji huku Uingereza, baridi ndo hiyo inakuja na najua wengi mshaagiza zile hita za Kichina. Kuifunga hita yenyewe si ishu, watu wanakwama kwenye mafuta. Inawaka kidogo inazima, mtu anakimbilia kununua plagi mpya ya kuwashia kumbe ni hewa tu kwenye laini.

Kwanza mafuta yanatoka wapi. Usiweke ti (kile kiungo cha njia tatu) kwenye laini ya injini, hewa ikipenya upande wa hita injini nayo itaanza kukohoa, na we hutaki injini izime katikati ya mto. Hita iwe na njia yake kutoka tenkini. Cheki kama juu ya tenki kuna tundu la ziada lililozibwa kwa bolti, kama halipo utatoboa, paka grisi nyingi kwenye drili inase unga wa chuma usidondoke ndani. Paipu ya kushuka iishie kama sentimita 3 kabla ya kugusa chini, maana huko chini kabisa ndo maji na ule uteute mweusi vinakaa, na ncha yake ikate mshazari.

Paipu ikitoka tu tenkini weka koki, halafu filta ndogo, halafu pampu. Pampu hizi zinasukuma vizuri kuliko zinavyovuta, so iwe karibu na tenki, sio karibu na hita. Na usiilaze! Upande wa kutolea mafuta uangalie juu, nyuzi 15 hadi 35 hivi, ili kipovu cha hewa kikiingia kipande juu na kutoka chenyewe, ukiilaza kinaganda humo na hita inapata mafuta nusunusu. Ifunge kwa kile kishikio cha mpira, la sivyo usiku mzima tik tik tik inapita kwenye bodi la chuma na jirani uliyepaki naye ubavuni atakununia.

Ule mrija wa plastiki uliokuja kwenye boksi achana nao. Wakaguzi wa Boat Safety Scheme, ule mpango wa ukaguzi wa usalama wa boti huku, wanataka laini ya mafuta inayohimili moto, kwa hiyo tumia shaba, na penye mtikisiko hosi fupi iliyoandikwa ISO 7840, yaani ya mafuta inayohimili moto. Tundu la paipu fuata kitabu cha hita, mara nyingi ni milimita 2 tu baada ya pampu, na usijiongeze ukaweka pana, kwenye paipu pana mapovu yanajikusanya. Penye kiungo cha mpira, ncha mbili za paipu zigusane kabisa mle ndani, ukiacha nafasi hata kidogo hewa imepata chumba. Laini nzima ikae mbali na ekzosti.

Kuijaza mara ya kwanza tumia ile menyu ya kupampu mafuta kwenye kontrola, uache yanapokaribia hita. Usilazimishe kuwasha tena na tena, dizeli inajaa kwenye chemba na ikija kushika utatoa moshi mfereji mzima. Ikishawaka vizuri, pitisha tishu kavu kila kiungo, ikilowa kaza, halafu rudia kesho yake hita ikiwa imepiga kazi usiku kucha.